Dawa ya Mboga

Maneno yale niliyasikia kupitia ukuta wa udongo, nikiwa nimeshika daftari la jiografia ambalo sikuwa nalisoma tena. Baba mdogo alikuwa akimwambia mama mdogo, "Muhula ukiisha tutaangalia. Kama matumizi ya jikoni hayapungui, mtoto atarudi kwao Kwamsisi. Simfukuzi. Nasema hali ilivyo."

"Mtoto wa dada yangu ni mtoto wangu," mama mdogo akasema.

"Sijakataa. Lakini sukari haijui udugu."

Nilikuwa kidato cha pili. Shule yangu ya Korogwe ilikuwa ya kutwa, ndiyo maana niliishi kwao Kilole. Kwetu Kwamsisi tulikuwa tumeshahamia kijiji cha ujamaa, nyumba zimepangwa mstari kama wanafunzi paredi, na sekondari haikuwepo. Nilijua kurudi kule maana yake nini. Binamu yangu alirudi likizo, akaambiwa asubiri kidogo, na masika yaliyofuata akaolewa. Vitabu vyake mama yake alifungia karanga.

Baba mdogo hakuwa mtu mbaya. Alikuwa fundi kwenye korona, ule mtambo unaokwangua majani ya mkonge yakabaki nyuzi, na alizungumza kwa sauti ya mtu aliyezoea kushindana na mashine. Baba yake alikuja mkongeni kutoka bara kama manamba, kibarua wa mkataba, mwenyewe akazaliwa kambini. Tatizo lilikuwa miaka yenyewe. Duka la ushirika lilikuwa na rafu ndefu zenye majembe na viberiti. Sukari ikisikika imekuja, watu walipanga mawe kwenye foleni, kila jiwe na mwenyewe, wakaenda shamba wakarudi. Sabuni, mafuta ya kula, chumvi, vyote vilikuwa vya kuviziwa, na kwa mlango wa nyuma bei yake ilikuwa nyingine.

Kesho yake nikaanza. Sikumwambia mtu sababu.

Niliacha kupeleka mahindi mashineni, nikayatwanga mwenyewe kabla ya kwenda shule. Mama alinitumia ufuta kwa lori lililotoka Handeni. Nikaukaanga kidogo, nikautwanga, nikauchemsha na kuengua mafuta yaliyopanda juu. Mara ya kwanza nilipata nusu chupa ya kitu cheusi chenye harufu ya moshi. Mara ya pili yakatoka ya rangi ya asali, mama mdogo akanusa chupa mara mbili. Chai nikaitilia asali ya porini badala ya sukari. Baba mdogo akaonja, akatazama ndani ya kikombe.

"Hii chai imeumwa na nyuki?"

"Ni asali, baba mdogo."

"Najua ni asali. Nauliza kama nyuki wenyewe wametoka."

Alicheka, lakini mimi nilisikiliza kicheko kile kama mtu anayesikiliza injini mlimani. Kila usemi wake niliupima. Akisema "haya," nilijiuliza ni haya ya kukubali au haya ya kwenda zako.

Kazi iliyonipa fahari kuliko zote ilikuwa magadi. Nilichoma maganda ya ndizi na mabua ya maharage, majivu nikayajaza kwenye chungu kilichotobolewa kitako, nikamwagia maji. Yalidondoka taratibu, ya rangi ya chai. Kijiko kimoja cha maji yale kililainisha maharage kwa nusu ya kuni. Mengine niliyachemsha mpaka yakakauka, ukabaki unga mweupe wenye kijivujivu, mkali, wa kupikia sabuni. Unga huo niliuweka kwenye kopo la maziwa juu ya kichanja, pembeni ya kopo la chumvi. Nikawa najisifu nao wiki nzima. "Hii ndiyo dawa ya maharage, baba mdogo. Hii ndiyo dawa ya nguo."

"Msomi wetu amekuwa mganga," alisema. "Kila kopo lina dawa."

Nilipaswa kulisikia neno lile vizuri.

Kisha mama mdogo akaitwa msibani Kerenge, akasema atakaa siku tatu. Jiko likabaki langu. Niliona ndio wakati wa kuonyesha, nikabana mpaka chumvi. Mboga ya siku ile ilikuwa kisamvu cha karanga, na nilikitia chumvi kiasi cha kuokota kwa ncha za vidole viwili.

Baba mdogo alirudi jua likizama, akanawa, akaketi kwenye mkeka uani. Nilimwandalia, nikaenda nyuma ya nyumba kutawadha kwa ajili ya Magharibi. Nikamsikia.

"Wewe binti! Mboga haina chumvi hii!"

"Nakuja, baba mdogo!"

"Endelea na udhu wako, nitachukua mwenyewe. Iko wapi?"

Kwetu jua likishazama chumvi haitajwi kwa jina lake. Bibi alitufundisha hivyo, na yeye alifundishwa na bibi yake. Ukiitaja umeifukuza nyumbani. Magharibi ikifika chumvi inaitwa dawa ya mboga. Mama mdogo naye aliiita hivyo, ila yeye alikuwa hamwachi mumewe aingie jikoni, kwa hiyo mumewe hakuwahi kuhitaji kujua. Mimi nilijibu bila kufikiri, maji yakiwa kwenye viwiko.

"Dawa ya mboga iko kwenye kopo, juu ya kichanja!"

Nilikuwa naosha mguu wa pili nilipomsikia akikohoa, kisha akitema, kisha bakuli likigonga chini. Nilikimbia. Alikuwa ameinama, anasukutua maji na kutema, machozi yanamtoka. Kopo la magadi lilikuwa wazi kwenye mkeka.

"Umenipa nini?"

"Nilisema dawa ya mboga."

"Na hii si ndiyo dawa yako?"

"Hiyo ni ya sabuni, baba mdogo."

Alinitazama. Midomo yake ilikuwa imeanza kuvimba. Nilimletea maziwa, akayanywa kidogo kidogo, akaingia ndani. Nilimwaga kisamvu shimoni nikiona nazika kitu. Halafu nikachukua kikapu, nikakunja sare, nikapanga madaftari, nikafunga kwa kamba. Niliona heri nikutwe tayari.

Siku mbili hakusema karibu chochote. Kinywa kilikuwa kinamuuma; alikunywa uji uliopoa na kwenda kazini. Sikujua kama ukimya ule ni wa kidonda au wa hukumu. Nilikwenda shule, nikakaa kwenye dawati, na kila mwalimu aliponiita niliona ni mara ya mwisho.

Mama mdogo aliporudi nilimweleza yote mlangoni kabla hajatua mzigo. Alisikiliza, akafunika mdomo kwa kanga, mabega yakamtikisika, mwishowe akaketi chini kabisa akicheka.

"Miaka yote hii umeoa kwa Wazigua," alimwambia mumewe, "hujui jina la chumvi ya magharibi?"

"Nilioa mke," baba mdogo alijibu kwa shida, mdomo ungali mzito. "Sikuambiwa na chumvi ina jina la pili."

"Sasa mtoto ana kosa gani?"

Baba mdogo alisimama. Alitoka. Tulisikia hatua zake zikielekea barabarani, na kicheko cha mama mdogo kikakatika. Nilikwenda nikakaa karibu na kikapu changu.

Alirudi jua likiwa bado juu, na kikopo cha rangi nyekundu aliyopewa karakanani. Alishusha makopo mawili kutoka kichanjani, akayafuta kwa tambara, akachuchumaa. Aliandika polepole, ulimi umejitokeza kando ya midomo yenye vidonda: CHUMVI. Kwenye la pili: MAGADI. Akalipeleka la pili nje, kwenye kibanda cha kuni, akarudi akilisimamia lile la kwanza likauke.

"Kama kinywa hakitaki kutaja," alisema bila kunitazama, "macho yasome. Si amekuja kusoma?"

Kisha akaongeza, "Na mboga itiwe chumvi ya watu. Mafuta ya ufuta yaendelee. Yale mazuri."

Nilimaliza kidato cha nne nikitokea nyumba ile. Lakini siku ile sikufungua kikapu, wala wiki ile. Nilikuwa nachomoa sare asubuhi na kuirudisha jioni, na kamba naifunga. Nimepanga vyumba Morogoro, Tabora na Mbeya tangu wakati huo, na sijawahi kununua kabati. Mizigo yangu hukaa chini ya kitanda, imefungwa. Jirani akigonga mlango baada ya magharibi kuomba kile kitu, namkabidhi kopo lenyewe lililoandikwa, asome.