Jumamosi Zetu za Kufua Kongo

Shuleni kwetu, shule ya masista, hakuna msichana aliyemaliza kidato cha tatu kabla ya kadi yake ya huduma kujaa. Kila Jumamosi uliyowatumikia maskini, Sista aliandika saa ulizofanya kazi na kutia sahihi. Mimi nilikuwa kiongozi wa kundi la wasichana sita, na kiherehere cha uongozi kilikuwa kimeniingia: nilitaka kadi zetu zijae kabla ya za kundi lolote.

Tulipangiwa mtaa mmoja wa mabanda uitwao Kongo, kule Kawangware, kwa bibi mmoja aliyepooza upande mmoja. Tulimwita Shosho, yaani nyanya, na ingawa alikuwa Mluhya na neno hilo si la kwao, hakujali. Tulifua mashuka, tukachota maji, tukapiga deki, tukasali rozari, kisha saa nane tukapanda basi la shule. Shosho alilia kila tulipoondoka. Mimi niliamini analia kwa shukrani.

Jumamosi ya tatu, jirani yake aliniita kando. Alikuwa mama wa Kitui, vidole vimechubuka kwa sabuni. Nilikuwa nimemwona akitutazama tukifua bila hata kuitikia salamu, nikamweka kwenye hesabu ya watu wenye roho mbaya. Akanieleza taratibu kwamba kazi ile ilikuwa yake. Mwana wa Shosho, muuzaji wa mitumba Soko la Toi, ndiye aliyekuwa akimlipa afue, na kwa kuwa anashinda pale, amlishe mgonjwa, amgeuze na kumpeleka choo. Sasa mwana huyo alikuwa amemwambia asisumbuke tena, masista wameleta wasichana wa bure.

"Mwambie Sista mkuwe mnakuja tu kumsalimia," aliniambia. "Kufua mniachie mimi. Nikienda kutafuta kazi mbali, huyu mgonjwa ataachiwa nani?"

Nikamjibu kwamba nitasema. Sikusema.

Wiki hiyohiyo Sista alitufundisha haki ya jamii, akauliza nani ana mfano wa mtu aliyenyang'anywa kazi yake. Niliinua mkono, nikataja wafanyakazi wa viwanda vya nchi za mbali, nikapigiwa makofi. Nilijua vizuri ninachofanya. Kusalimia mgonjwa hakukuandikwa kwenye kadi kama saa za kazi, na tulikuwa tumebakiza Jumamosi chache. Tangu hapo nimejitafutia visingizio, kwamba nilikuwa mdogo, kwamba nilimwogopa Sista, na vyote ni porojo.

Kadi zetu zikajaa kabla ya za wengine. Muhula ukaisha, shule ikafungwa, na hakuna hata mmoja wetu aliyeuliza nani atafua wakati wa likizo ndefu.

Kwetu ni mtaa wa Ayany. Siku moja, karibu na Krismasi, nilifungua geti nikawakuta akina mama watatu wamekaa ukutani, wale ambao hungoja kuitwa wafulie watu nguo. Mmoja alikuwa yule jirani wa Shosho. Nilitaka kurudi ndani, lakini alikuwa ameshaniona. Nikamuuliza habari za Shosho.

Akasema amefariki, wameshamsafirisha kwao na kumzika. Tangu kazi imtoke, yeye alikuwa akiondoka alfajiri kutafuta nguo za kufua huku Ayany na Kibera, akirudi jioni. Muhula ulipokuwa ukiendelea, angalau Jumamosi mashuka yalifuliwa. Likizo ilipoanza, Shosho alilala mchana kutwa peke yake kwenye shuka lililolowa, mgongo ukatoka vidonda, na mwana alipita mara mojamoja. Alinieleza haya yote bila hasira. Afadhali angenitukana.

"Kila jioni alikuwa ananiuliza kama kesho ni Jumamosi," alisema. "Mimi namwambia tu ndiyo."