Makwapa ya Kijapani

Mama yangu ndiye mwalimu wa kwaya ya kanisa letu hapa Siakago, na mwaka huo kiti chake kilikuwa kinatikisika. Sare zilikuwa zimepauka mpaka unashindwa kujua kama zamani zilikuwa zambarau au kahawia. Kiongozi wa alto, mama mwenye sauti ya kufukuza ndege shambani bila kutoka jikoni, alimwambia mbele ya watu wote, "Mwalimu, tukienda Embu kwa tamasha na matambara haya tena, tutatafuta mtu mwingine wa kutuongoza." Wengine wakaangalia viatu vyao. Katika kwaya yetu, kuangalia viatu ni kupiga kura.

Basi mama akaagiza beli zima la mitumba. Muuzaji alimwapia kwamba ni gauni za wanawake, za wakati wa joto, zote za mtindo mmoja. Joto la kwetu si la mchezo, mama akakubali. Beli lilifunguliwa uwanjani kwetu, kwaya yote imelizunguka kama kuku waliosikia mahindi.

Likatoka joho refu la buluu lenye samaki wekundu. Halafu la maua. Halafu samaki tena.

"Vifungo viko wapi?" mmoja akauliza.

"Zipu je?"

"Na mikono mbona ni kama magunia ya ndengu?"

Muuzaji akahamisha majani ya muguka aliyokuwa akitafuna kutoka shavu moja hadi lingine. "Hiyo ni pamba safi, mama. Hayo mengine ni kujifunga tu." Akapotea haraka kuliko alivyokuja.

Mimi nilikuwa nimeshika simu ya baba, nikatafuta. "Hizi zinaitwa yukata," nikatangaza. "Wajapani huzivaa wakati wa joto. Kwenye sherehe, au wakitoka kuoga."

"Wakitoka kuoga!" Kiongozi wa alto akapiga makofi. "Mwalimu, umetununulia taulo?"

Mama aliniangalia kwa lile jicho ambalo hupunguza chakula cha jioni. "Amesema pia sherehe," akajibu.

Shida ya pili ilikuwa kwapani. Kila joho lilikuwa na uwazi chini ya kwapa, kiganja kizima kinapita. Kina mama wakaingiza vidole, wakachungulia, wakasikitika. Makwapa nje, kanisani, mbele ya watu wa Embu! Wakaamua kwamba fundi wa huko alisahau kumaliza.

"Hakusahau," nikasema. "Imeachwa makusudi, ili mkono uinuke bila kuvuta nguo."

Hakuna aliyenisikiliza. Kosa langu ni kwamba mwezi uliopita niliwaambia kina mama hao hao kuwa askofu amekataza chai ya maziwa hadi Pasaka. Wawili walikunywa strungi wiki nzima kabla ya kunitafuta na mwiko. Kwa hivyo mama akatoa cherehani, na makwapa yote yakafungwa kwa uzi wa mara mbili. Mazoezini sare hazikuvaliwa hata siku moja. Zingechafuka.

Siku ya tamasha walivalia nyuma ya kanisa kule Embu, kiunoni wakajifunga leso zilizokunjwa. Nikawaona, nikashindwa kunyamaza.

"Upande wa kushoto ndio unakaa juu. Wa kulia ukikaa juu, hivyo ndivyo wanavyomvalisha maiti."

Vichwa vyote viliinama kuangalia. Nusu ya soprano walikuwa marehemu. Walijigeuza kwa kasi ambayo sijawahi kuiona kwenye wimbo wowote, kwa sababu mambo ya kifo hata mimi sitanii, na wanajua.

Mama akainua mikono kuwapasha sauti moto. Nao wakainua. Yale majoho yakachomoka kwenye leso yote pamoja, yakapanda juu kama pazia la jukwaa, na nyuma ya pazia kulikuwa na petikoti za kila rangi. Kwaya ya mjini ilikuwa inapita na kola zake zinazong'aa. Mmoja wao akacheka, kisha akajifanya anakohoa. Zamu yetu ilikuwa inafuata baada yao.

Kiongozi wa alto akavuta joho lake chini. Aliangalia viatu vyake.

Mama akanigeukia. "Wewe. Ile ya makwapa ilikuwa ya ukweli, ama ilikuwa ya strungi?"

"Ya ukweli, mama. Haki."

Akatoa wembe mkobani, akauvunja vipande viwili, akanipa kimoja. Kina mama wakapanga mstari mikono juu kama watu waliokamatwa na polisi, nasi tukaanza kufumua. Kwapa la mke wa mzee wa kanisa lina mtekenyo, sitasema zaidi. Ni mmoja tu aliyekataa.

"Mimi sishikwi kwapa na mtoto wa mtu," kiongozi wa alto akasema, akakaza leso yake.

Tukaitwa. Wimbo wa mwisho ndio wenye mikono juu, na ilipoinuka, ile mikono mipana ya majoho ikaanguka kama mabawa na samaki wakaogelea kanisa zima. Watu wakasimama. Mimi nilikuwa pembeni na kayamba, nikaona joho moja likipanda. Magoti ya kiongozi wa alto yalikuwa yameshatoka. Mkono mmoja ulikuwa juu, mwingine ukipigana na leso, na ile sauti yake ilikuwa imebaki nyembamba kama ya mbu. Ubeti uliobaki ndio wa mikono juu zaidi.

Mama alimwona. Alikuwa na sekunde ya kumwacha aaibike.

Akashusha mikono yake polepole, akakunja viganja kifuani, akainamisha kichwa. Hatukuwahi kufanya mazoezi ya kitu kama hicho. Kwaya yote ikamfuata, joho likarudi mahali pake, na sauti ya alto ikarudi ikiwa imekasirika na tamu. Watu wa Embu walidhani ni mtindo. Bibi mmoja mbele akafuta machozi.

Kwenye lori la kurudi, kiongozi wa alto alikaa kando ya mama. Tulipoanza kusikia joto la kwetu, akamsogelea.

"Mwalimu," akasema akiangalia barabara, "mwakani zile za samaki utupe sisi alto."

"Nitawapa," mama akajibu.

Lori likasimama kupisha mbuzi. Kiongozi wa alto, joho bado mwilini, akanigeukia, akainua mkono juu mpaka ukagusa turubai.

"Haya, mtoto wa mtu. Kata huo uzi. Na ukinichanja, utakunywa strungi mpaka umalize shule."