Kufuata Nyayo za Umeme

Ilikuwa Jumatano ya wiki ya kwanza ya likizo ya Agosti, mwaka 1999, saa tisa na robo alasiri, fundi alipovua ndara zake, akazipanga pembeni kama mtu anayeingia msikitini, akapanda pikipiki ya shangazi na kuipiga kiki ya mwisho. Mwenyewe alisema ni ya mwisho. Pikipiki ikasema "khh" ikanyamaza. Fundi akashuka, akavaa ndara zake, akapangusa jasho kwa mkono wenye grisi, na paji lote la uso likageuka jeusi.

Mimi nilikuwa nimekaa juu ya tairi kuukuu chini ya mti wa mathenge, leso nimeivuta hadi mdomoni, nacheka. Sikuwa nataka kucheka. Nikiwa na wasiwasi huwa nacheka, na nikiwa mbele ya wanaume nisiowazoea nacheka zaidi, basi watu wananiona nina dharau kumbe roho iko mkononi. Na siku hiyo wasiwasi ulikuwepo wa kutosha Garsen nzima.

Shangazi ni afisa wa mifugo. Hana digrii ya udaktari, lakini huku kwetu ukishamchoma ng'ombe sindano akasimama, wewe ni daktari, hakuna wa kukuuliza cheti. Ofisi ilimpa ile pikipiki, zile ndefu za matope zenye tairi za meno, na hakuna mwanamke mwingine wilayani aliyekuwa anaendesha ya namna hiyo. Tangu Jumapili ilikuwa haiwaki. Asubuhi ile mkubwa wake wa Hola alikuwa amepiga simu: kesho gari linakuja. Likiikuta inawaka, sawa. Likiikuta imelala, itapakiwa na kupewa afisa mwingine, "mwanamume atakayeitunza", na shangazi abaki ofisini kugonga mihuri kwenye vibali vya ng'ombe wa mnada. Shangazi akikaa kwenye kiti asubuhi moja tu huumwa mgongo, kichwa, na roho. Alipotuambia habari hiyo nyumbani hakumaliza uji wake, na shangazi kuacha uji sijawahi kuona.

"Daktari, nikwambie ukweli?" fundi akasema. "Hii pikipiki imemzoea mwanamume."

"Mwanamume yupi?"

"Yule aliyekuwa nayo kabla yako."

"Yule aliyeitumbukiza mtoni?"

Wazee kwenye benchi, ambao hawakuwa na kazi yoyote pale ila kuangalia, waliangua kicheko mpaka benchi likalia. Fundi naye alicheka. Ndicho nilichompendea, alikuwa na maneno lakini hakuwa na kinyongo.

Alikuwa amekwisha kujaribu kila alilolijua. Alisema betri imekufa, akaazima ya trekta, ikawa vilevile. Akasema plagi, akatia mpya. Akasema petroli ina maji, akaimwaga yote kwenye debe, akaichuja kwa kitambaa, akairudisha. Honi ililia vizuri, tena ililia mpaka mbuzi waliokuwa barabarani wakatawanyika. Taa iliwaka. Ila ukibonyeza kitufe cha stata, ile mashine ndogo inayoizungusha injini, hakuna hata "tk". Ukipiga kiki, hewa tupu.

Shangazi akachuchumaa mbele yangu. "Wewe umesoma fizikia."

"Shangazi, tumesoma balbu na betri za tochi tu."

"Na hii ni nini? Si balbu na betri?" Akanivuta mkono. "Ng'ombe akipotea humtafuti pale unapopenda awe. Unakwenda alipoonekana mara ya mwisho, unafuata nyayo. Njoo tuufuate huu umeme."

Nikasema tunaweza kutumia balbu moja ya indiketa. Nilimwambia yeye sikioni, yeye akamwambia fundi kwa sauti, fundi akaichomoa na kuifungia nyaya mbili. Waya mmoja unashikwa kwenye chuma cha pikipiki, wa pili unagusishwa popote unapotaka kupeleleza. Balbu ikiwaka, umeme umefika hapo. Isipowaka, umepotelea nyuma.

"Kazi yako," shangazi akaniambia, "ni kusema kapita au hajapita."

Fundi akatoa kiti, akakiweka kwenye gunia, akagusa betri. Balbu ikawaka. "Kapita," nikanong'ona.

"Hatusikii huku!" mzee mmoja wa benchini akapiga kelele.

Nilitamani ardhi inimeze. Fundi akagusa fyuzi. "Kapita." Akagusa waya unaotoka kwenye ufunguo. "Kapita!" Hapo sauti ilitoka yenyewe, sijui ilitokea wapi, na wale wazee wakaitikia, "Kapitaaa!" kama watu wanaovusha mifugo mtoni. Basi nikashikwa na kitu. Nikawa nataka tugusishe kila mahali, hata pasipohitajika. Tulipima taa ya nyuma, ambayo haikuwa na kosa lolote, ili tu niseme kapita.

Kisha fundi akafikia rilei, kile kijisanduku kinachopokea amri ya kidole chako na kuipeleka kwenye stata. Shangazi akabonyeza kitufe. Balbu ikabaki nyeusi.

"Hajapita," nikasema, na benchi zima likaguna kwa huzuni.

Fundi akachukua spana, akaunganisha misumari miwili minene ya rilei kwa nguvu. Cheche ziliruka, stata ikazunguka, ng'ong'ong'ong'o, na shangazi akapiga kigelegele kabla ya wakati wake. Stata ilikuwa hai! Lakini injini haikushika. Fundi akachomoa plagi, akailaza juu ya injini, akazungusha tena. Tuliinamisha vichwa sote, tukakaribia kugongana. Kwenye plagi hapakuonekana cheche hata moja.

Akaweka spana chini. "Daktari, magonjwa ni mawili. Kitufe hakifiki kwenye stata, na plagi haipati moto. Magonjwa mawili hayatibiki kabla ya kesho. Waache waipakie."

Shangazi akakaa chini, mchangani, na sketi yake ya kazi. Nilimtazama nikaona anaangalia mikono yake, nadhani alikuwa ameanza kuiona imeshika muhuri.

Na mimi kichwani mwangu kulikuwa na jambo linazunguka kama ile stata, halishiki. Pikipiki iliyokuwa nzima Jumamosi itapataje magonjwa mawili siku moja? Nikafikiria shamba letu kule mtoni. Nikamsogelea.

"Shangazi, mashamba mawili yakikauka siku moja, si mfereji mmoja umeziba kabla haujagawanyika?"

Akageuka. "Sema kwa sauti."

"Sema wewe."

"Mimi sijafikiria. Wewe ndiye umefikiria."

Nikasema. Niliuambia ule mti wa mathenge, sikuweza kuwaangalia, lakini nilisema mpaka mwisho: umeme wa kitufe na umeme wa plagi, je, kuna mahali unapita pamoja kabla ya kuachana? Fundi akaacha kutafuna kijiti chake. Akalishusha tangi pembeni, akaweka kidole kwenye waya wa ufunguo, akaufuata polepole, palipokuwa na tangi, ukapanda mpaka kwenye usukani, mkono wa kulia. Kidole kikasimama kwenye swichi nyekundu, ile ndogo ya kuzimia injini kwa ghafla.

"Hapa," akasema. "Yote miwili inapita hapa."

Hapo ndipo nilipoona kwamba nilikuwa nawaona sisimizi tangu nilipokaa. Walikuwa wametoka ardhini, wakapanda kwenye tairi, wakafuata waya, wakaingia ndani ya swichi hiyohiyo, mstari mmoja, na wengine wanatoka. Garsen sisimizi wako kila mahali, huwezi kuanza kushangaa sisimizi, utashangaa mpaka lini?

"Sisimizi nao wanapita," nikasema.

Fundi akafungua skrubu mbili kwa bisibisi, kifuniko cha swichi kikaachia. Ndani palikuwa na uji mzito, wa manjano uliochafuka kwa vumbi, na sisimizi wamo wanakula karamu. Fundi akanusa. Akachovya ncha ya kidole, akalamba.

"Samli," akasema. Akalamba tena. "Samli ya ng'ombe. Nzuri sana."

"Daktari, hiyo pikipiki unaipikia pilau?" mzee wa benchini akauliza, na mimi nikainama kwa kucheka.

Shangazi alikuwa amejishika kichwa. "Jumamosi," akasema. "Lo! Jumamosi."

Jumamosi alikuwa amekwenda huko mbugani kwa Waorma, ng'ombe ameshindwa kuzaa, ndama amekaa vibaya tumboni. Aliutia mkono mpaka begani na kumgeuza. Wote wawili wakapona. Alipokuwa ananawa aliona mwenye ng'ombe, mama mmoja, anaipapasa papasa pikipiki, akadhani anapenda rangi yake. Akapanda akarudi nyumbani vizuri, na kufika tu akazima kwa ile swichi nyekundu, jambo ambalo si kawaida yake, kwa sababu mikono ilikuwa imejaa vifaa. Samli ikapata nafasi ya kukaa katikati ya vile vipande viwili vya shaba vinavyotakiwa kugusana. Kesho yake alipoirudisha swichi, havikugusana tena.

Na kwa bahati njema, au mbaya, mama mwenyewe alikuwa hapohapo ng'ambo ya barabara, anauza maziwa. Alisikia kicheko akaja, kibuyu mkononi.

"Mnacheka nini?"

"Pikipiki imekula samli, mama," fundi akasema.

"Eeh, mimi nilimpaka." Alisema kwa fahari kabisa. "Huyu ndiye alimleta daktari mbio. Asingekuja huyu, ndama amekufa, mama yake amekufa. Nisimpake huyu nimpake nani? Pembe zote mbili nilipaka," akasema, kidole kikionyesha usukani. Kisha akaiona vizuri, tangi pembeni, kiti kwenye gunia, nyaya nje. "Na nyinyi mmemchinja!"

Hakuna aliyethubutu kucheka, ingawa mimi niliuma leso mpaka ikalowa. Shangazi akainuka, akaushika mkono wa yule mama kwa mikono yake miwili.

"Hajachinjwa, mama. Ametulia tu. Baraka yako ilikuwa nyingi, ikamwingia jichoni."

Mama akafikiri. "Basi mwosheni jicho."

"Siku nyingine umpake nyuma, kwenye mkia."

"Ng'ombe hapakwi mkiani!" mama akasema, akamwangalia shangazi kama mtu aliyesoma bure.

Tulimwosha jicho. Petroli kidogo, mswaki mkuukuu wa fundi, kisha kipande cha msasa mpaka shaba ikang'aa. Fundi akafunga. Akairudisha ile balbu kwenye rilei, shangazi akabonyeza, ikawaka, na hatukuhitaji mtu wa kusema kitu, benchi zima lilisema: "Kapitaaa!" Wakati tangi na kiti vinarudishwa nilikuwa narukaruka kama mtoto. Shangazi akabonyeza tena, na pikipiki ikanguruma, moshi ukafuka, yule mama akarudi nyuma hatua moja na kusema jambo kwa Kiorma ambalo sikulielewa, lakini lilikuwa jema, maana aliipigapiga kwenye tangi.

Asubuhi ya Alhamisi nilikuwa nafagia uani, pikipiki imesimama karibu na mlango, shangazi bado yuko bafuni. Gari likaingia. Wakashuka mkubwa wa Hola na vijana wawili wenye kamba na ubao wa kupakilia. Hakusalimu. Aliitazama pikipiki tu.

"Ndiyo ile mbovu? Haya, inueni."

Kijana mmoja akaanza kutupa kamba juu ya kiti. Nilimwita shangazi, ila sauti haikutoka, na maji yalikuwa yanamwagika kule bafuni, asingesikia. Basi nikaweka ufagio chini. Nikapita katikati yao bila kumwangalia mtu usoni, nikazungusha ufunguo, nikaangalia taa ya kijani, ile inayoonyesha gia haijaingia, nikashika klachi, nikabonyeza.

Ikawaka mara moja. Kijana wa kamba akaruka mpaka kwenye banda la kuku, kuku nao wakaruka. Shangazi akachungulia mlangoni mwa bafu, leso kifuani na povu masikioni, akasema, "Karibuni, karibuni! Chai iko jikoni." Mkubwa akatazama pikipiki, akanitazama mimi, akawaambia vijana wakunje kamba.

"Nani kakufundisha?" akaniuliza.

Nikacheka tu. Nilizima kwa ufunguo, nikachukua ufagio wangu, nikafagia mahali palepale mpaka pakawa na shimo.