Siku Arobaini Langoni

Pyo Mal-sun, muuza samaki wa Seoul, alikuwa anadai jambo moja tu kwa kituo kile cha televisheni: kikiri hewani kwamba kilidanganya. Kipindi chao cha asubuhi kilimwonyesha binti yake, Hye-won, kabla na baada ya kupasuliwa taya ili apendeze, na mtangazaji Tak akamshangilia. Kumbe hospitali iliyompasua ndiyo iliyolipia kipindi, na picha ya mwisho ilirekebishwa kwa kompyuta. Hye-won mwenyewe mdomo ulipinda, mate yanamtoka bila mwenyewe kuhisi. Na bado kipindi kinarudiwa! Hao nao ni watu?

Kule, anayeandamana peke yake haombi kibali. Wakiwa wawili bila kutoa taarifa, polisi huwazoa. Kwa hiyo Mal-sun alisimama langoni mwa kituo peke yake na bango lake, siku arobaini.

Siku hiyo ya arobaini mlinzi alichoka naye.

"We mama, nenda kauze samaki!"

"Nauza samaki, siuzi sura za watoto wa watu kama bosi wako!"

Kofi lilimwangusha. Akainuka, akamng'ata mkono hadi damu ikamjaa mdomoni. Mlinzi akamtandika teke la mbavu, bango likavunjika.

Ng'ambo ya barabara, Hye-won, aliyekuwa anamletea chakula, alipiga ukelele akaanza kuvuka.

"Rudi!" Mal-sun alifoka. "Tukiwa wawili wameshinda! Rudi, mwanangu!"

Mlinzi alilijua hilo vizuri. Akampiga tena, taratibu, huku akimtazama binti. Mshenzi mkubwa.

Mal-sun hakuweza tena kusimama wima, na lango halikutakiwa kubaki tupu. Akajikokota hadi ng'ambo, akampa Hye-won kipande cha bango. Mkono ulikataa kukiachia.

"Niachie, mama," Hye-won alisema. "Zamu yangu."

Akavuka peke yake. Gari la Tak lilikuwa linaingia. Mtangazaji akashusha kioo, akashtuka kweli.

"Pole, dada! Nani kakuharibu hivi?"

"Wewe."

Tak alimkodolea macho, akamtambua, rangi ikamtoka. Akapandisha kioo haraka na kumpungia mlinzi amwondoe.

Mlinzi akamshika Hye-won nywele, akakunja ngumi. Ng'ambo ya barabara, Mal-sun aliikumbatia nguzo ya taa kwa mikono yote miwili, akalia kwa sauti, asije akavuka.