Kuwinda Kanga Nyuma ya Vilima vya Mgodi

Wiki iliyopita kanga wawili walitua juu ya ukuta wa nyumba yangu hapa Kensington na kuanza kupiga kelele, sauti kama ya bawaba isiyotiwa mafuta. Binti yangu, anayesikia Kiswahili lakini hunijibu kwa Kiingereza, alikwenda kufunga dirisha. Nilimwambia aliache. Alishangaa kuniona nimesimama na kijiko mkononi, chai inapoa, nawasikiliza ndege. Nilishindwa kumweleza. Wewe, rafiki yangu, nitakueleza.

Nilikuwa na miaka kama kumi, na tulikaa Jeppestown, si mbali na hapa, kwenye jengo la matofali lililokuwa zamani ghala la rangi. Mama yangu alisuka nywele mtaa wa Yeoville na kurudi jioni, vidole vimekakamaa. Chini yetu, kwenye chumba kilichotazama barabara, palikuwa na fundi cherehani kutoka Lubumbashi kama sisi, mwanamume aliyefiwa na mke, mwenye binti mmoja wa rika langu. Ng'ambo ya barabara alikaa bibi mmoja Mzulu ambaye kila mtu, hata sisi wageni, alimwita Gogo, yaani bibi kwa Kizulu. Alikaanga magwinya, yale maandazi ya mviringo ya huko, mbele ya mlango wake, na harufu ya mafuta yake ndiyo iliyotuamsha asubuhi. Alimlea mjukuu wake wa kiume. Mjukuu huyo, binti wa fundi na mimi tulikuwa kitu kimoja. Mjukuu alijifunza Kiswahili chetu kwa kucheza nasi, sisi tukajifunza Kizulu chake, na tulipogombana tulitumia lugha zote mbili.

Utotoni mwake Katanga, fundi alikuwa mwindaji. Baridi ilipokata, mwezi wa tisa, majani yaliyoungua yalipoanza kutoa ncha za kijani, alikuwa hatulii kitini. Jumamosi moja moja aliacha duka limefungwa, akatubebesha chupa za maji na mikate, tukavuka reli kuelekea kusini, kwenye mapori ya nyuma ya vilima vya mchanga wa mgodi. Vilima vile vya njano ungeviona kutoka mbali kama mahindi yaliyomwagwa. Nyuma yake palikuwa na mikalitusi, nyasi ndefu, na kanga.

Majira yale madume hupigana na kukimbizana kutafuta majike. Fundi aliweka viganja mdomoni na kuita kama jike, sauti mbili, ya chini kisha ya juu, na dume lilikuja lenyewe, limefura shingo. Sisi tulilala kifudifudi na manati zetu. Alituwekea masharti: hatumgusi jike, maana lina mayai, hakuna kusema, na hakuna kuvuka mstari wa mikalitusi, kwa sababu upande wa pili ardhi ilikuwa tupu ndani, imechimbwa na watu waliokufa zamani.

"Hii udongo haina nguvu," alitwambia kila mara. "Kanga ikikimbilia kule, muiache. Ile si yetu tena."

Kulikuwa pia na mlinzi. Ardhi ile ilikuwa mali ya kampuni fulani, na mlinzi alizunguka na mbwa mwekundu na rungu. Tulimwogopa kuliko mashimo. Fundi hakuwa na karatasi za kuishi nchini, na tulijua, ingawa hakuna aliyetwambia, kwamba mtu asiye na karatasi hapaswi kukutwa mahali penye uzio. Mlinzi alipopita tuliganda kwenye nyasi, mate yamekauka, tukinong'onezana kwa Kiswahili ili hata akitusikia asituelewe.

Asubuhi ninayotaka kukusimulia ilikuwa ya upepo. Vumbi la mgodi lilituingia machoni na kwenye meno. Mlinzi alikuwa ameonekana mbali, akaenda zake, lakini mbwa wake alibweka mara kwa mara na hatukujua yuko upande gani. Fundi aliita kwa muda mrefu bila jibu. Nakumbuka siafu akinipanda mkononi nami siwezi kumfuta. Kisha dume likajibu, karibu sana, na likatoka kwenye nyasi likitembea kama mtu aliyevaa suti, kichwa juu, madoa yake meupe yanang'aa.

Mjukuu wa Gogo ndiye aliyekuwa karibu. Aliachia jiwe. Lilimpiga kanga bawani, akapinduka, akainuka, akakimbia kuelekea mikalitusi, bawa linaburuta chini. Na rafiki yetu akainuka, akamfuata.

Fundi alimwita, si kwa kelele, kwa sababu ya mlinzi. Hilo nalikumbuka kuliko yote: mtu anayetaka kupiga yowe na kulimeza. Tuliona mgongo wa mtoto ukipita kati ya miti. Tuliona nyasi zikitikisika mbele yake. Kisha hatukuona mgongo. Hapakuwa na kishindo. Nyasi zilisimama tu.

Fundi alianza kukimbia, nasi nyuma yake. Tulikuwa tumefika kwenye miti tuliposikia sauti nyuma yetu, kwa Kiswahili safi cha Tanzania.

"Nyie, simameni hapo hapo. Mkiongeza hatua mnamfuata."

Alikuwa mlinzi. Mbwa alikuwa amekaa kimya miguuni pake. Binti wa fundi alinishika mkono mpaka kucha zikaniingia. Fundi aliinua mikono kama mtu aliyeshikiwa bunduki.

"Mtoto iko kule," alisema. "Kamata miye, lakini kwanza mtoto."

"Nani kakwambia nakukamata? Nawasikia tangu mwaka juzi mnavyonong'ona. Lala chini. Lala kwa tumbo, utambae, wala usisimame."

Alikimbia hadi kibanda chake na kurudi na kamba nene. Akafunga ncha moja kwenye mkalitusi. Walitambaa wote wawili mpaka karibu na ukingo, kisha mlinzi akanyoosha mkono kumzuia fundi, na udongo kidogo ukamomonyoka mbele yake. Tulisikia ukianguka, kisha, baada ya kimya kirefu, tukasikia maji.

"Mama yangu," alisema mlinzi taratibu.

Kutoka ndani ikaja sauti ya rafiki yetu. "Ngilapha." Niko hapa. Alikuwa amekwama kwenye kibaraza cha udongo, chini kidogo ya urefu wa watu wawili, na chini ya hapo palikuwa giza na maji. Fundi alimsemesha kwa Kiswahili, ajifunge kamba. Hakujibu. Mlinzi akamsemesha kwa Kiswahili chake. Hakujibu. Woga ulikuwa umemwondolea kila lugha isipokuwa ya bibi yake, nao wawili Kizulu chao kilikuwa cha sokoni, cha salamu na bei.

Mlinzi aligeuka, akatuangalia sisi watoto. "Nani hapa anaongea Kizulu?"

Binti wa fundi alikuwa analia. Nilisema mimi naongea.

"Na ndiye mwepesi," akasema, kama anayejiambia mwenyewe. Alinifunga kiunoni kwa mikanda miwili, wake na wa fundi, iliyounganishwa, akashika miguu yangu, nami nikatambaa mpaka uso wangu ukawa juu ya shimo. Hewa iliyotoka mle ilikuwa baridi, ya kutu na chura. Nilimwona. Uso wake ulikuwa mweupe kwa vumbi, mkono wa kushoto umekaa vibaya. Kanga alikuwa pembeni yake, yu hai, anamtazama.

"Ungangishiyi," aliniambia. Usiniache.

Nilimwambia simwachi. Nilimwambia ashike kamba waliyomshushia kwa mkono mzima, aipitishe nyuma ya mgongo, chini ya kwapa. Aliiangusha. Kibaraza kikamwaga mchanga. Mikono iliyoshika vifundo vya miguu yangu ilikaza. Nilimwambia ajaribu tena, na kwa sababu sikujua maneno mengine ya kumtuliza nilianza kumwuliza magwinya ya jana yalikuwa na jamu au hayana. Alifikiri. Akasema yalikuwa na jamu ya aprikoti. Alipokuwa anasema, mkono wake ulipitisha kamba. Nilimwambia aifunge fundo, ashike ncha kwa meno na kuvuta kwa mkono. Aliuma kamba huku machozi yanamtoka, akavuta.

Walimvuta. Alipiga yowe mara moja tu, mkono ulipogonga ukingo. Kibaraza kilianguka chote alipokwisha kukiacha, pamoja na kanga, na mlio wa maji ulikuja baadaye sana.

Mlinzi alikaa chini, akavua kofia, akamfuta mtoto uso kwa kofia ile. Alitengeneza banzi kwa vijiti na fulana yake ya ndani. Kisha akamwambia fundi jambo ambalo sote tulikuwa tunalijua.

"Sasa kazi iko mtaani, ndugu yangu. Mtoto wa wenyewe, na wewe mgeni."

Fundi alimbeba mgongoni. Njia ya kurudi ilikuwa ndefu kuliko ilivyowahi kuwa. Majuma yale kulikuwa na maneno mabaya juu ya wageni Jeppestown. Duka la Msomali mmoja lilikuwa limevunjwa, na wanaume wa hosteli ya wafanyakazi walisimama pembeni mwa barabara wakiwatazama watu mikononi wamebeba nini. Tulipofika kwenye robot, taa za kuongoza magari, ya mwisho kabla ya mtaa wetu, fundi alisimama.

"Nyiye wawili, mupite njia ya nyuma. Muingie ndani, mufunge mlango."

"Baba, na weye?" binti yake aliuliza.

"Miye niko nakwenda kwa Gogo."

Binti yake alitii. Mimi sikuweza. Nilijua hana Kizulu cha kueleza jambo kama lile, nikamfuata, na hakunifukuza.

Kabla hatujamfikia Gogo watu walikuwa wameshaona. Mtu alipiga mluzi. Wanaume walikuja, mmoja mkubwa mwenye fimbo na shati la kazi lenye grisi, wakatuzunguka. "Huyu amemfanya nini mtoto?" aliuliza mwenye fimbo, si kwa fundi bali kwa wenzake, na hilo lilitisha zaidi. Fundi hakumshusha mtoto.

Gogo aliinuka kwenye kigoda chake. Alitembea polepole, mikono ina unga, watu wakampisha. Alimtazama mjukuu wake mkono, kisha uso. Hakumwuliza fundi. Aliniuliza mimi, nami nikasema kila kitu: kanga, jiwe, miti, shimo, kamba. Nilisema kwamba fundi alikataza kuvuka. Mjukuu wake, kichwa kimelala begani mwa fundi, alisema, "Ni kweli, Gogo. Nilikimbia."

Mafuta yalikuwa yanaungua kwenye sufuria nyuma yake, moshi mweusi unapanda, na hakuna aliyekwenda kuyaepua.

"Huyu mtoto nilimruhusu mimi," Gogo alisema hatimaye, akimtazama mwenye fimbo. "Kila Jumamosi wanapokwenda namruhusu mimi. Kama kuna wa kuulizwa, niulizwe. Lakini wewe una pikapu, na mtoto wangu mkono umevunjika. Utasimama na hiyo fimbo mpaka lini?"

Yule bwana aliitazama fimbo kama aliyewekewa mkononi na mtu mwingine. Kisha akaenda kuwasha gari. Fundi alipanda nyuma na mtoto mapajani. Gogo alikaa mbele. Nilibaki barabarani na wanaume wale, na mmoja wao, bila kunitazama, akaenda kuzima jiko.

Hospitalini nesi aliuliza jina la mtoto na ameanguka wapi, basi. Mkono ulifungwa plasta. Ulipona, ingawa kiwiko hakikunyooka sawasawa.

Hatukuwinda tena. Fundi hakusema sababu, na hatukumwuliza. Usidhani tuliishi salama baada ya hapo. Mwaka uliofuata vurugu zilikuja kweli, mtaa kwa mtaa, na mama alitufungia ndani na kabati nyuma ya mlango. Nilichungulia kwa ufa wa pazia. Gogo alikuwa amehamisha jiko lake. Aliliweka upande wetu wa barabara, mbele ya mlango wa fundi kabisa, akakaa kwenye kigoda na kukaanga magwinya siku nzima, na mjukuu wake amesimama kando yake, kiwiko kimepinda. Kundi lilipita likiimba. Lilisimama. Gogo aliwauliza wangapi wanataka yenye jamu. Sauti yake niliijua, ilikuwa inatetemeka. Walisimama muda ambao nilihisi siwezi kuuvumilia, kisha wakaendelea, wakavunja duka lililofuata.

Fundi aliondoka kabla ya baridi kwisha, yeye na binti yake, wakarudi Lubumbashi. Tuliandikiana, kisha tukaacha, kama watoto wanavyoacha. Gogo alifariki nikiwa sekondari. Mjukuu wake alihamia Durban, na nikimpigia simu tunazungumza Kiswahili, kibovu siku hizi, tunacheka. Mlinzi sikupata kujua hata jina lake. Kule nyuma ya mikalitusi wamesawazisha na kujenga maghala, vilima vya njano vimechukuliwa lori kwa lori.

Juzi nilipita mtaa ule. Chumba cha fundi sasa wanauza betri za magari. Kijana wa dukani aliniuliza natafuta nini, nikamwambia hakuna. Nilisimama kidogo mlangoni, pale pale lilipokuwa jiko, watu wakinipisha kwa kuudhika. Hakuna hata mmoja wao anayejua kwamba bibi mmoja alikaa hapo kutwa nzima, na mafuta ya moto na woga wake, ili cherehani ya mgeni isivunjwe. Pale mlangoni nilikuwa najua mimi peke yangu. Sasa tuko wawili.