Waliokuwa Wakiitazama Picha ya Mwenye Mahema

Kifo cha mwenye mahema wa Keroka nilikiona kabla sijaambiwa, na nilipokiona nilikishangilia. Naomba msomaji anayenijua asikimbilie kunitetea. Ilikuwa Jumamosi asubuhi, nami nilikuwa ofisini kwangu mjini Kisii, ghorofani juu ya duka la mbolea, nikifanya kazi inayonilisha. Safu hii, kama mnavyofahamu nyinyi mnaoisoma kila wiki, hainilishi. Kinachonilisha ni kuwatunzia wafanyabiashara tovuti zao na kuwasomea takwimu za watu wanaozifungua: wametoka wapi, wamefungua ukurasa upi, wamekaa muda gani, wamepiga simu au wameondoka kimya. Nikafungua takwimu za mwenye mahema, aliyekodisha mahema na viti, nikaona mstari wa idadi ya watu umepanda kuliko siku yoyote tangu tuanze kazi pamoja. Watu wa Keroka, Masimba, Nyamira, Nairobi na hata ng'ambo walikuwa wamemiminika tangu jana yake jioni, na bado walikuwa wakiingia. Tena hawakuwa wapita njia. Walifika ukurasa wa kwanza, penye picha yake mwenyewe amesimama mbele ya hema jeupe, wakabaki hapo dakika nzima, wengine zaidi. Katika kazi yangu, mtu akiukazia macho ukurasa mmoja kiasi hicho, hiyo ni sherehe.

Picha hiyo ilikuwa wazo langu. Tulikuwa tumeiweka wiki hiyo hiyo, tuone kama uso wa mtu utawafanya wateja watulie kidogo. Basi nikajipigia makofi moyoni, nikachukua simu nikamwandikia: "Mzee, pongezi. Leo umepata watu kuliko siku zote. Picha yako imewashika, wanaitazama hawaondoki. Si nilikuambia." Alama ya ujumbe ikabaki moja, maana haukuwa umefika. Sikuona ajabu. Alikuwa Msabato wa kweli, na simu yake ilizimwa Ijumaa jua likitua hadi Jumamosi jua likitua tena. Mimi ni Mkatoliki, Jumamosi nachapa kazi. Nikajua atausoma jioni, nikaendelea kuutazama ule mstari na kuufurahia.

Mchana alinipigia mwenye mahema mwingine, wa Masimba, mshindani wake wa miaka mingi. "Mwandishi, umeskia mambo ya yule mzee wetu?" aliuliza. Nikamjibu kwamba nimeona, na kwamba leo mambo yake ni moto. Akanikatiza. "Ni moto aje na mtu amelala mochari? Kifua ilimshika jana jioni, wakimaliza tu maombi. Hata hospitali hawakufika." Kompyuta ilikuwa mbele yangu, mstari bado unapanda, na kwa mara ya kwanza siku hiyo nilielewa ni nani hao na wanatazama nini. Walikuwa jamaa, wakwe, waumini wenzake, wateja aliowasitiri kwa jua na mvua. Walikuwa wamesikia fununu, wakaenda mahali pekee walipojua wataiona sura yake.

Tulianza kwa ugomvi, mimi na yeye. Alikuwa mtu mfupi mwenye sauti kubwa kuliko umbo lake, saa inayong'aa mkononi, mbishi, asiyependa kushindwa. Wala sitamfanya malaika kwa kuwa amekufa, maana aliwahi kushusha bei makusudi hadi yule wa Masimba akauza lori lake. Aliponiletea tovuti aliyotengenezewa Nairobi, niliikuta imejaa maharusi, keki na maputo. Lakini kuanzia Keroka hadi Nyamira hakuna asiyejua kwamba mahema yale na viti vile na vipaza sauti vile vilikwenda matangani. Nikamwonyesha takwimu. Watu wanaingia, wanaona keki, wanatoka. Wachache wenye subira wanateremka hadi chini kabisa, penye maneno madogo "pia mazishi", na hapo ndipo wanapobonyeza. "Mzee," nilimwambia, "wateja wako wamefiwa, nawe unawaonyesha keki." Alikasirika hadi akasimama. "Unataka niandike kwa mlango ati nangoja watu wakufe?" Sokoni walizoea kumtania kwa ule msemo wa kufa kufaana, na yeye aliuchukia kama nini. Kumbe mtu yule mwenye kelele alikuwa akiionea haya kazi yake mwenyewe.

Tulibishana kwa majuma. Hatimaye akakubali tuyaondoe maharusi na kuyaweka mazishi mbele, ila kwa sharti kwamba maneno ya kwanza kabisa yawe "Pole kwa msiba", kisha siku ya Sabato yaongezwe maneno ya kueleza kwamba simu zitapokelewa jua likishatua. Nikapinga. Mteja anataka bei na nambari ya simu, nikamwambia, maneno mengi yanamfukuza. Tukapatana tujaribu, juma moja ukurasa wenye pole na juma lingine ukurasa usio na pole, takwimu ziamue. Takwimu zikasema hakuna tofauti yoyote. "Kama hakuna tofauti," akasema, "basi pole ikae." Ikakaa. Lakini kuhusu maharusi nilikuwa sahihi, na ningali sahihi. Simu ziliongezeka mpaka akanunua lori la pili, na tangu hapo akawa ananitambulisha kwa watu kama daktari wa website.

Siku moja nilikuwa nimeketi kwenye uwanja wake pale Keroka, vijana wa kazi wakiosha viti, simu ikalia. Alikuwa mtu anayetaka hema. Mzee akasimama, akavua kofia kana kwamba mtu yule anamwona, akasema, "Pole sana. Ni nani ametuacha?" Kisha akasikiliza. Akauliza marehemu ni mtoto wa nani, ameolewa wapi, ameacha nani. Mimi nikawa nampungia mkono aulize tarehe na idadi ya viti. Alipokata simu nikamwambia amepoteza muda, mtu yule alikuwa tayari kuagiza. Akanitazama kama mtu anayemtazama mtoto aliyekula kabla ya wageni. "Na nikifika huko na lori, nipate ni mtu wetu, nitaweka uso wapi? Hema unapelekea mtu, mwandishi. Hupelekei viti." Kwetu huku, ambako huwezi kwenda vilima viwili bila kukutana na shemeji, kufika matangani hujui aliyelala ni nani ni aibu ambayo haina dawa. Na kila nilipompigia kumwambia kwamba leo watu wameongezeka kwenye tovuti, kabla hata hajafurahi alikuwa akiniuliza, "Nani amekufa?" Mimi nilicheka. "Mzee, mimi naona watu, sioni maiti." Naye alikuwa akijibu, "Basi uliza."

Nirudi kwenye ule ujumbe. Baada ya simu ya Masimba nilikimbilia kuutazama. Alama ilikuwa ingali moja. Nikaufuta, nikachagua ufutike kwake pia, nikaona nimepona. Sikuwa nimepona. Simu hizi zetu zikifuta kitu huacha kovu, nao mwenye simu huambiwa kwamba hapa palikuwa na ujumbe na umefutwa. Maji yakimwagika hayazoleki, hata ukiyamwaga gizani. Kutwa nzima nikamfikiria mke wake akiiwasha simu ile jioni.

Nimejaribu tangu hapo kuitupia lawama kazi yenyewe, na imekataa kulaumiwa. Takwimu zilisema kweli tupu, kwamba watu wamekuja, wamemtazama yeye, hawataki kuondoka. Hazikusema kwa nini. Hiyo "kwa nini" niliijaza mimi, na nikaijaza kwa sifa zangu. Wala sidhani ni ugonjwa wangu peke yangu. Siku hizi kanisa linahesabu walioitazama ibada, shule inahesabu waliobonyeza tangazo la nafasi, mwanasiasa anahesabu waliomtukana na kuona amependwa. Gazeti nalo linahesabu. Mhariri wangu hunitumia kila mwezi takwimu za safu hii, na najua vizuri kwamba nikiandika kuhusu barabara mbovu mnaniacha aya ya pili, ila nikiandika msiba mnafika mwisho. Najua, basi, kwamba hata makala hii itasomwa sana. Naona haya kulijua hilo, na naona haya zaidi kwamba nililijua kabla sijaandika neno la kwanza.

Alizikwa nyumbani kwake, ukivuka Keroka upande wa Nyamira, kwenye mteremko wenye migomba juu na majani chai chini. Mahema hayakuwa yake. Vijana wake walikuwa wameketi na wafiwa, kwa hivyo yule wa Masimba alikuja na yake, akayasimamisha kwa mikono yake na kukataa malipo. "Huyu mzee alinisumbua sana," aliniambia akikaza kamba, "lakini hatuwezi acha watu wake kwa jua." Mimi nikatafuta kiti cha nyuma kabisa. Nilikuwa na uongo tayari tangu Jumapili, kwamba nilikosea namba, na ujumbe ulikuwa wa mtu mwingine. Niliukariri wakati wa nyimbo, niliukariri wakati wa mahubiri, na wakati wa udongo nikawa nao mdomoni.

Watu walipoanza kutawanyika na viti kupangwa, mke wake akaniita. Ni mama mpole, mrefu kuliko mumewe alivyokuwa, na sauti ilikuwa imemkauka kwa kulia. Nikampa mkono, nikamwambia pole.

"Mwandishi, kaa hapa," akasema. "Hiyo Sabato ikiisha tuliwasha simu ya mzee. Yako ndio iliingia kwanza, na ulikuwa umeifuta. Ulikuwa umeandika nini?"

Nikafungua kinywa niutoe uongo wangu, naye akaendelea.

"Nauliza kwa sababu nimefikiria hiyo kitu wiki mzima. Mzee alikuwa anakuskiza sana. Nikasema, pengine alikuambia anaskia vibaya na mimi hakuniambia. Pengine ulikuwa unamwambia aende hospitali."

Hapo ndipo nilipoona uongo wangu ungefanya kazi gani. Ungemwacha mama huyu kila usiku akimuuliza marehemu kwa nini alimficha. Nikamwambia kweli. Nilimsomea kwa kichwa neno kwa neno, pongezi, watu wengi, picha imewashika, si nilikuambia. Nilisema nikitazama viatu vyangu. Nikaongeza kwamba hakuna alichoniambia kuhusu kifua, hata kidogo.

Akafunga vizuri kitambaa chake cha kichwani.

"Walikuwa wengi?"

"Wengi sana, mama."

"Wengi hivyo, kwa mahema ya mazishi," akasema polepole, "na wewe hukuuliza nani amekufa?"

Hakuisema kwa hasira. Afadhali angeisema kwa hasira, ningepata pa kujitetea. Nikatikisa kichwa. Akaniambia niende nile, chakula kisipoe, na kwamba ile picha nisiitoe. Nilikwenda nikakaa na sahani mpaka ikapoa.

Biashara sasa anaiendesha yeye, na tovuti bado ninaitunza mimi, maana alisema hana haja ya kutafuta mwingine. Picha ipo palepale chini ya maneno ya pole. Nilidhani aibu ile imenifunza, na nilikuwa nimeshapanga kuifunga makala hii kwa kuwaambia somo nililolipata: kwamba anayewahesabu watu bila kuwaulizia hajawaona, na kwamba mstari ukipanda ghafla, kabla hujajipongeza, tafuta kwanza ni nani analia. Somo ni hilo, silibadilishi. Lakini juzi asubuhi mstari ulipanda tena, watu wa Masimba wakiwa wengi, nikampigia mama nimwambie. "Mama, leo kuna watu wengi sana wameingia," nikaanza.

"Pole yao," akasema. "Ni nani?"

Nikamwambia bado sijauliza.

Akakata simu. Nikaifunika kompyuta, nikashuka ngazi hadi kwenye duka la mbolea, ambako watu wa Masimba hununua, na nikaanza kuuliza.