Ziwa Moja

Kwetu Msambweni, kabla ya nikaha, mtu hutumwa nyumba kwa nyumba kuwauliza bibi zetu kama wachumba waliwahi kunyonya ziwa moja. Wakiwa wamenyonya, ni ndugu, na ndoa ni haramu. Mdogo wangu alipoposwa, niliwaambia wazee wasijisumbue. Mama alikuwa ameshafariki, mama wa bwana harusi pia, lakini mimi nasomea kompyuta, na koo zote mbili, pamoja na majirani, nilikuwa nimeziingiza humo: kila mtu kitone, kila uhusiano mshale. Kiburi changu hakikuwa na mpaka.

Alhamisi asubuhi, nikaha ikiwa kesho yake, mjomba aliniuliza mbele ya watu, "Mpwa wangu, hiyo kompyuta imeona nini?"

Nikaandika swali: yupo mwanamke aliyewanyonyesha wote wawili? Jibu likaja tupu.

"Hakuna, mjomba."

Akasema alhamdulillahi, na mdogo wangu akaketi kupakwa hina.

Nikarudi kwenye tasnifu yangu. Inahusu maswali yasiyoweza kupata jibu katika hifadhi yoyote ya data, hata ukiingiza watu wa dunia nzima, kwa sababu masharti yanapingana. Mengine mashine huweza kuyatambua, pengine kwa muda unaozidi umri wa mtu. Mengine hakuna mashine itakayoyatambua kamwe. Nikataka mfano wa swali lenye jibu la hakika. Mama alikuwa akiugua kila alipojifungua, nami nilinyonyeshwa na jirani pamoja na mwanawe. Mtaa mzima unajua. Nikauliza swali lile lile juu yangu na mwana huyo wa jirani.

Tupu.

Nikafungua kanuni nilizoziweka siku ya kwanza: mshale wa kunyonyesha utoke kwa mama mzazi tu. Basi watoto wa mama tofauti wasingeweza kamwe kuwa na mnyonyeshaji mmoja. Nilikuwa nimeuliza swali lisilowezekana, kisha nikatangaza ukimya wake kama habari. Na niliyeandika kanuni hiyo ni mimi, niliyelelewa kwa maziwa ya jirani!

Nikapanda pikipiki hadi Majoreni, kwa shangazi yake mama, bibi ambaye kwa desturi angeulizwa wa kwanza.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Mbona wahema?"

Nikamtajia bwana harusi na wazazi wake. Akaacha kuchambua mchele.

"Hao walikuwa majirani zangu kabla hawajahamia Diani. Mamake huyo kijana hakuwa na maziwa, nikamnyonyesha mtoto mwezi mzima. Na dada'ko aliletwa kwangu mwezi huo huo, mama'ko alipolazwa. Nimesikia mwaoza, bwana sikuambiwa ni nani. Nikasema watakuja kuniuliza."

Niliogopa njia nzima ya kurudi. Nilipofika, hina ilikuwa imeshamkolea mdogo wangu hadi viwikoni. Nikamwambia yote.

Hakulia. Aliinua mikono asichafue nguo.

"Asubuhi ulisema hakuna," akasema. "Ulikuwa umemuuliza nani?"